Peleti zisizimike: kutunza moshi kwenye smoka ya umeme, Arusha na Moshi

Peleti, yaani punje za vumbi la mbao lililogandamizwa, zikizima ndani ya smoka, wa kwanza kulaumiwa ni aliyewasha, wa pili ni aliyeziuza. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Kosa liko kwenye hewa. Smoka ya umeme ni kabati la kuivishia nyama kwa moshi, lililotengenezwa kutunza joto: kuta zina sufi ndani, mlango una mpira, na tundu la moshi juu ni dogo kama mdomo wa glasi. Koili, yaani waya wa umeme unaoleta joto, haihitaji hewa hata kidogo, lakini peleti zinaihitaji muda wote. Usipozitafutia njia ya kupumua, zitafuka nusu saa kisha zitakata roho, hata ungeziwasha vizuri namna gani.

Huku kwetu tatizo linaongezeka kidogo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Mji wa Moshi uko chini zaidi, upungufu wake ni kama asilimia 10. (Wenyeji wa Moshi watuvumilie: kuanzia hapa, moshi ni ule unaotoka kwenye smoka.) Kwa hiyo dakika za kuwashia zilizoandikwa kwenye boksi zichukulie kama kiwango cha chini.

Kwanza, toa peleti kwenye kisahani cha koili

Smoka nyingi huja na kisahani cha vipande vya mbao kilichokaa juu ya koili. Ukimwaga peleti humo, zitatoa moshi pale tu koili inapowaka. Themostati ikiona nyuzi joto 110 zimefika, inakata, kisahani kinapoa na moshi unakatika. Arusha mwezi wa saba, nje kukiwa na baridi, koili inafanya kazi muda mrefu na moshi unapatikana. Mjini Moshi mwezi wa pili, jua la saa nane likilipiga kabati lenyewe, koili inapumzika sana, na nyama inaiva bila kuonja moshi wa maana. Pia kuna hatari ya upande wa pili: peleti kavu zilizokaa juu ya koili nyekundu hulipuka miali mara tu unapofungua mlango na hewa mpya kuingia.

Dawa ni kugawa kazi. Koili ipike, peleti zifuke kwenye chombo chao, zisitegemee umeme.

Chombo chenyewe ni bomba la chuma lenye matundu au trei ya wavu yenye njia inayozunguka kama konokono. Bomba la urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 5 linabeba gramu 350 hivi za peleti na hutoa moshi kwa saa tatu na nusu hadi tano. Trei inakwenda muda mrefu zaidi kwa moshi mwembamba zaidi, lakini ni nyepesi kuzima, kwa hiyo anayeanza aanze na bomba. Kama hulipati dukani, fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza. Mwambie atumie wavu wa stenlesi wenye matundu ya milimita 4 (peleti ina unene wa milimita 6, haitapita), na alikunje liwe la pembe nne ili lisibiringike. Mkatalie bati la mabati, lile la zinki: moto ukilishika linatoa mvuke usiofaa karibu na chakula.

Peleti za kula na peleti za kuchoma

Nunua zilizoandikwa kuwa ni za kupikia, za mti mgumu mtupu: mwaloni, hikori, tufaha, cheri. Peleti haihitaji gundi, kwa sababu mbao ikigandamizwa kwa nguvu na joto hujishikilia yenyewe. Zile za kuwashia majiko na boila ni habari nyingine. Mara nyingi ni vumbi la paina, na paina ina utomvu unaoacha ladha ya tapentaini kwenye nyama na lami nyeusi kwenye kuta za smoka. Mkrismasi na mkaratusi nao uwaache. Vumbi la karakana ya samani usiliguse kabisa, maana humo kuna plaiwudi, gundi, vanishi na mbao zilizotiwa dawa.

Kama una mkahawa uliokatwa kisiki shambani, au matawi ya mpera, mwembe au mparachichi, ni mali. Yakaushe kivulini miezi mitatu au zaidi, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, uchanganye na peleti. Visizidi robo ya ujazo, kwani vipande visivyolingana huacha mapengo, na moto wa kufuka hauruki pengo.

Ukavu: pima, usikisie

Peleti hunyonya maji ya hewani kama chumvi ya mawe. Masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano, na manyunyu ya Arusha ya mwezi wa sita, yanatosha kuharibu mfuko uliofunguliwa na kuachwa jikoni wiki mbili. Vunja peleti moja kwa vidole. Kavu inakatika kwa mlio, na ngozi yake inang'aa. Yenye unyevu inapinda kidogo kabla ya kukatika, au inafumuka kuwa ungaunga.

Ukitaka uhakika, pima gramu 500, zitandaze kwenye trei ya oveni unene usiozidi sentimita 2, uweke nyuzi 105 kwa saa moja, kisha pima tena. Zikipungua zaidi ya gramu 50, mfuko wote una maji mengi na unahitaji kukaushwa hivyohivyo. Usiziache peke yake ndani ya oveni, na usipandishe moto ili kuharakisha. Asiye na oveni azianike juu ya bati kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane, siku ya jua kali, akizigeuza mara mbili tatu. Azianue kabla jua halijapoa, la sivyo zinarudisha unyevu.

Zikishapoa, zitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, iliyokuwa ya chakula. Ndoo ya rangi hapana, hata ukiiosha mara kumi. Mfuko usikae chini kwenye sakafu ya saruji. Weka ubao katikati.

Kabla ya kujaza, chekecha. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanashangaa. Chini ya kila mfuko kuna unga wa peleti zilizovunjika njiani, na unga huo huziba nafasi kati ya peleti, ambazo ndizo njia za hewa. Chekeche ya mchele inatosha. Ya unga ni laini mno, itabakiza vumbi.

Kujaza na kuwasha

Simamisha bomba, mimina peleti hadi zibaki sentimita 3 kufika mdomoni, kisha ligongegonge chini mara tatu. Usishindilie kwa kidole. Unataka peleti zigusane bila kubanana.

Kuwasha ndiko kunakobeba safari nzima, na kosa la kawaida ni haraka. Watu huona mwali, hufurahi, huzima, huingiza ndani. Mwali si kitu. Unachotafuta ni kaa, yaani peleti za mwanzo ziwe nyekundu mpaka ndani, kina cha sentimita 3 angalau.

Ukiwa na kichomeo cha gesi, kama kile cha mafundi friji, laza bomba juu ya tofali mbili nje, elekeza mwali mdomoni kwa sekunde 60, uzungushe ili usiunguze upande mmoja. Acha liwake lenyewe kwa miali kwa dakika 10 mjini Moshi, dakika 15 Arusha. Mwali ukififia kabla ya muda huo, rudia kichomeo sekunde 30. Kisha puliza uzime mwali, upepee polepole kwa kipepeo au kipande cha boksi. Angalia mdomoni: kama wekundu umeenea duara lote, umemaliza. Kama ni doa moja jekundu na pembeni ni weusi, washa tena, acha dakika 5 nyingine. Doa moja halifiki mbali.

Bila kichomeo kuna njia ambayo kwa maoni yetu ni bora kuliko gesi, nayo imo kwenye kila nyumba: mkaa. Chukua makaa mawili yaliyokolea kutoka jikoni, kila moja ukubwa wa nusu yai la kuku, uyaweke kwenye ile nafasi ya sentimita 3 uliyoacha juu, bomba likiwa limesimama. Pepea dakika 5, ulaze, uache nje dakika 10 nyingine. Kaa la mkaa lina joto la kudumu na halizimwi na upepo mdogo, kwa hiyo peleti za mwanzo zinashika mpaka katikati. Tumia mkaa uliokwisha kutoa moshi wake, sio ule unaopasuka cheche. Mafuta ya taa, mshumaa, plastiki na viwashio vya kemikali vyote viache, harufu yake itaishia kwenye nyama.

Mahali pa kuweka, na hewa ipite wapi

Weka bomba chini kabisa ya smoka, pembeni, lisiwe juu ya koili. Lilaze juu ya vipande viwili vya nondo ili hewa ipite hata chini yake. Mdomo unaowaka uelekee kule hewa inakoingilia. Lisikae chini ya nyama: tone la mafuta likianguka kwenye kaa linaleta mwali, na tone la maji linazima. Kama nafasi haitoshi, lifunike kwa foili uliyoikunja kama paa la banda, pande mbili zikiwa wazi.

Tundu la kutolea moshi juu liwe wazi lote. Wapo wanaolifunga nusu ili moshi usipotee bure, na hiyo ndiyo njia fupi ya kupata peleti zilizozima na nyama chungu. Moshi usiotoka unazuia hewa mpya isiingie. Kisha tafuta mlango wa hewa chini. Smoka nyingi za umeme hazina tundu maalumu. Hewa huingia kwenye tundu la kumwagia mafuta na kwenye droo ya kuongezea mbao. Vuta droo hiyo nje sentimita 3 hadi 5 uiache hivyo. Joto litashuka nyuzi chache, koili italifidia.

Kama bado hewa haivuti, ongeza dohani. Chukua makopo mawili ya maziwa ya unga, toa makaratasi, kata vitako vyote, uyaunge kwa mkanda wa foili, uyasimamishe juu ya tundu la moshi. Hewa ya moto ndani ya dohani ndefu hupanda kwa nguvu zaidi na kuvuta mpya kutoka chini. Sentimita 30 tu zinatosha kuleta tofauti inayoonekana kwa macho.

Sinia la maji liache tupu, au lijaze mchanga mkavu uliofunikwa foili ili litunze joto. Ndani ya kabati dogo, mvuke wa sinia na ule wa nyama yenyewe vinakutana na kuta za baridi, kabati linatoa jasho, na jasho linadondokea peleti. Kwa sababu hiyohiyo, washa koili dakika 30 kabla, bila kitu ndani, ili kuta zipate moto kwanza. Nyama iliyotoka kwenye maji ya chumvi ifute, iache ikauke ngozi kwenye friji au mahali pa baridi penye upepo, ndipo iingie.

Joto la kabati lisizidi nyuzi 135 peleti zikiwemo. Kati ya 105 na 120 zinakwenda kwa utaratibu; juu ya hapo bomba zima linaweza kushika kwa pamoja, na saa nne za moshi ukazimaliza kwa moja.

Moshi mzuri ni mwembamba wenye ubuluu. Ukisimama hatua tatu unauona kwa shida. Mzito mweupe kama wa majani mabichi ni wa moto unaokosa hewa, au wa peleti mbichi. Ukidumu zaidi ya dakika 15, toa nyama kwanza, rekebisha hewa, kisha irudishe. Uchungu wake hautafutika kwa viungo.

Debe la nje

Kwa anayevukiza kila wiki, bora peleti zitoke ndani ya kabati kabisa. Tafuta debe la mafuta ya kula la lita 20 (sio la rangi wala la dawa), choma kuni ndani yake saa nzima hadi rangi na mabaki ya mafuta viungue, ukwangue. Lilaze. Upande mmoja utakuwa mlango. Toboa matundu sita ya milimita 10 kwenye ukingo wake wa chini. Upande wa pili, juu, toboa tundu la inchi 3 na uunge bomba la aluminiamu la kukunjika, lile la feni za jikoni, urefu wa mita 1. Bomba la plastiki la maji halifai. Lipandishe kuelekea smoka bila kuacha tumbo linalolegea katikati, na liingie kwenye nafasi ya droo ya mbao. Ziba pembeni kwa mkanda wa foili. Ukiamua kutoboa kabati lenyewe, chomoa umeme na uhakikishe nyaya zinapita wapi, kwani nyingi zimefichwa kwenye ukuta wa nyuma na chini.

Debe likae chini kuliko smoka, hata kwa sentimita 40. Washa bomba la peleti kama ilivyoelezwa, liingize debeni, matundu yote sita yakiwa wazi. Baada ya dakika 20 anza kuziba moja moja kwa foili mpaka moshi uwe mwembamba na wa kudumu. Arusha mara nyingi utabaki na matano au yote sita wazi. Faida ni nyingi: jasho la nyama halifikii moto, mlango wa smoka unaweza kufunguliwa bila kulipua kitu, lami inabaki kwenye bomba la aluminiamu, na moshi unafika umepoa. Koili ikiwa imezimwa, usiku wa baridi wa mwezi wa saba unaweza kuvukiza jibini au karanga chini ya nyuzi 30. Nyama mbichi na samaki usivivukize kwa joto hilo, kwani bakteria wanalipenda.

Kulisoma bomba lililozima

Zikizima, usizitupe. Limwage polepole kwenye sinia jeupe, kwa mpangilio, ukaangalie pale moto ulipoishia. Utaona majivu, kisha ukanda mweusi wa sentimita moja au mbili, kisha peleti nzima.

Peleti za mpakani zikiwa zimevimba, zimefifia rangi na zinasagika kwa kidole, zimelowa ndani ya smoka: tafuta jasho, sinia la maji au tone la nyama. Zikiwa ngumu na nyeusi, zimepakwa lami inayonata, zilikosa hewa. Fungua droo zaidi, ongeza dohani. Ukikuta unga wa kahawia umejaza nafasi, hukuchekecha. Ukikuta pengo tupu kati ya majivu na peleti, bomba halikujaa, zikateleza mbali na moto wakati wa kulaza. Na kama weusi umepita upande mmoja tu, kama njia ya mchwa, ulikuwa na lile doa moja jekundu tangu mwanzo.

Kuwasha tena katikati ya kazi, toa bomba nje. Usiingize mwali ndani ya kabati lililojaa moshi.

Umeme ukikatika

Peleti hazitajua, zitaendelea kufuka. Tatizo ni joto. Smoka nyingi za dijitali umeme ukirudi hazijiwashi zenyewe, zinasubiri ubonyeze. Usifungue mlango, weka kipimajoto cha nyama mahali unapoweza kukisoma kwa nje. Kama kabati limeshuka chini ya nyuzi 60 na nyama haijaiva, ihamishie kwenye oveni ya gesi au jiko la mkaa, usingoje. Kuku afike nyuzi 74 kwenye paja, karibu na mfupa. Perege na sato wafike 63 katikati ya mnofu na wakae hapo nusu saa.

Umeme hafifu nao ni adui. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, koili hupoteza karibu robo ya joto lake, na kabati linaweza kushindwa kufika nyuzi ulizoweka. Smoka iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120. Inahitaji transfoma ya kushusha, na kwa koili ya wati 800 chukua ya wati 1,500, ile ndogo inaungua.

Baada ya kazi

Smoka ikae nje, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Peleti zinazofuka zinatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Majivu yanaficha kaa kwa saa kadhaa, kwa hiyo yamwage kwenye ndoo ya chuma yenye maji, sio kwenye pipa la taka. Bomba likizibwa matundu na lami, lizike kwenye makaa ya jiko dakika 20, liache lipoe, uligonge kwenye tofali. Magamba yataanguka na matundu yataonekana tena.